Nyanjani Si Mbali: Kiswahili na Masomo ya Nje ya Darasa katika Shule za Meru na Embu

Katika karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili wa KCSE, fasihi simulizi hutahiniwa sambamba na riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa shule ya upili hathubutu kuziacha ni ukusanyaji wa fasihi simulizi nyanjani. Mwanafunzi hukariri umuhimu wa utafiti wa nyanjani. Hukariri mbinu zake: mahojiano, hojaji, kurekodi, kutazama na kushiriki. Hukariri pia matatizo yanayomkabili mtafiti: wasailiwa kudai malipo, uhaba wa muda, kizuizi cha lugha, hali mbaya ya hewa, ukosefu wa usalama. Siku ya mtihani huyamimina yote hayo karatasini kwa hati nzuri, akapata alama zake na kwenda zake. Aghalabu mwanafunzi huyo hajafika nyanjani hata siku moja. Anaeleza jinsi fanani anavyodai malipo ilhali hajawahi kuketi mbele ya fanani, na analalamikia mvua ambayo haijamnyeshea.

Kinaya hiki kipo kote nchini Kenya, ila katika maeneo ya Meru na Embu kinajitokeza kwa namna ya pekee. Huko nyanja imeizunguka shule pande zote. Nyuma ya ua kuna shamba la kahawa au majani chai, chini bondeni kuna mto, ng'ambo ya mto kuna boma la ajuza anayejua vitendawili ambavyo havijaandikwa katika kitabu chochote cha kiada. Mwanafunzi hupita hapo asubuhi na jioni, kisha huingia darasani kufundishwa kwamba nyanjani ni mahali fulani mbali, panapohitaji basi, bajeti na barua ya mkuu wa shule.

Makala haya yanatetea rai moja: kwamba somo la Kiswahili katika shule za Meru na Embu linapaswa kutoka nje ya darasa mara kwa mara, kwa miguu, kama sehemu ya kawaida ya ratiba, na kwamba bila ya kufanya hivyo fasihi simulizi itaendelea kufundishwa kama maiti inayopasuliwa na wanafunzi ambao hawakuijua ilipokuwa hai.

Kiswahili Kisichokuwa na Mahali

Hapana shaka kwamba Kiswahili kililelewa pwani, na hazina yake ya methali, nyimbo na istilahi imejaa bahari. Mwanafunzi wa Igembe hufundishwa kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyajua maneno hayo kwa moyo, na pengine huweza kueleza maana ya juu na maana ya ndani ya methali hiyo. Ila tezi, omo na ngama kwake ni sauti tu, kwa kuwa hajaona jahazi. Hali kadhalika, hufundishwa kwamba kimai ni wimbo wa mabaharia na wawe ni wimbo wa wakulima. Cha kushangaza ni kwamba mifano ya kimai na ya wawe yote hutoka katika kitabu kimoja, ingawa wakulima wenyewe wamo umbali wa kurusha jiwe kutoka darasani.

Isieleweke kwamba methali za bahari zinapaswa kutupwa. Mwanafunzi wa bara anazihitaji kama anavyohitaji kujua habari za mahali asipopafahamu, kwani huo ni mojawapo ya utamu wa fasihi. Tatizo huzuka pale ambapo lugha nzima inabaki ya mahali pengine. Mtoto akikosa hata siku moja kukitumia Kiswahili kuutaja mti anaoupanda, mto anaouvuka na nafaka anayoipepeta, atakihesabu kuwa lugha ya wageni na ya karatasi za mtihani.

Chukua mfano wa nafaka. Katika nyanda kavu za Mbeere, sehemu ya chini ya Kaunti ya Embu, hulimwa mtama, mawele, kunde, pojo na mbaazi. Mtoto wa huko huweza kutofautisha mtama na mawele kwa kutazama suke tu, tena kwa mbali. Mwambie aandike insha ya Kiswahili, na aghalabu nafaka zote ndogo zitaitwa wimbi au mtama, liwalo na liwe. Anao ujuzi wa kitu, ila hana jina lake. Darasani hupewa orodha ya majina bila vitu, na nyumbani ana vitu bila majina. Anayeweza kuyakutanisha hayo mawili ni mwalimu atakayesimama naye shambani, suke mkononi.

Mfano wa pili ni wa majira. Vitabu hufundisha masika na vuli, na kwa kawaida masika hupewa hadhi ya mvua kubwa huku vuli ikiitwa mvua ndogo. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wakulima wengi, hasa wa nyanda za chini, hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba vuli ni mvua haba huku akijua kwamba hiyo ndiyo inayowalisha nyumbani kwao, hukabiliwa na chaguo lisilo la haki: ama akubali maneno ya kitabu, ama ayaamini macho yake. Kipindi kimoja cha nje, mwezi wa Oktoba, mvua zinapoanza, kingetosha kufungua mjadala mzuri kuhusu jinsi lugha inavyobeba jiografia ya wale walioitumia kwanza, na jinsi inavyoweza kubebeshwa jiografia nyingine.

"Nje" kama Adhabu

Kabla ya kudai kwamba masomo yatoke nje, sharti tukubali kwamba neno lenyewe "nje" limechafuka katika msamiati wa shule. Mwanafunzi aliyekosa huambiwa atoke nje. Aliyechelewa hupiga magoti nje. Aliyepiga kelele hufyeka nyasi, huchota maji au hulima kipande cha shamba la shule, wenzake wakiendelea na masomo. Kwa miaka na mikaka, ardhi imetumiwa shuleni kama fimbo. Si ajabu basi kwamba mzazi akisikia kuwa mwanawe alikuwa shambani wakati wa kipindi cha Kiswahili, huuliza alikuwa amekosa nini.

Lugha ya mama nayo imepitia njia iyo hiyo. Watu wengi waliosomea Kenya wanakikumbuka kibao au kipande cha mti kilichovishwa shingoni mwa aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao. Hivyo mtoto wa Meru au Embu alijifunza mapema kwamba vitu viwili vinavyomkutanisha na wazee wake, yaani ardhi na lugha, ni vitu vya aibu. Kisha, baada ya miaka kumi ya kufundishwa aibu hiyo, huombwa katika Kidato cha Tatu aeleze umuhimu wa fasihi simulizi katika kuhifadhi utamaduni wa jamii.

Tanzania inatoa funzo linalofaa kuzingatiwa hapa. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, ambao uliitaka shule iwe jamii inayozalisha na inayojifunza kwa kazi. Wazo lilikuwa pana: mwanafunzi ajifunze kwa kupanga, kulima, kuhesabu mapato na kuamua pamoja na wenzake. Ila katika shule nyingi utekelezaji uliishia kwenye jembe. Wanafunzi walilima asubuhi, wakasoma mchana, na mambo hayo mawili hayakukutana. Shamba lilikuwa nje ya darasa, lakini halikuwa somo. Nchini Kenya, vyama vya 4K, ambavyo jina lake lenyewe ni Kiswahili, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikadidimia, kisha vikazinduliwa upya mwaka 2021. Navyo vikiishia kuhesabu miche ya sukuma wiki bila kumpa mwanafunzi maswali ya kuuliza na maneno ya kusema, vitafuata njia hiyo hiyo. Kumtoa mwanafunzi nje ni jambo jepesi, hata adhabu hufanya hivyo. Kinachotofautisha somo na adhabu ni swali analotoka nalo na jibu analorudi nalo.

Hazina Iliyo Karibu

Mighani inayotajwa katika vitabu vingi vya fasihi simulizi ni ile ile: Fumo Liyongo wa pwani, Lwanda Magere wa Waluo, na wengineo wachache. Ni mighani mizuri. Ila shule za Meru na Embu zimeketi juu ya masimulizi mengine ambayo mwanafunzi hayataji katika mtihani kwa kudhani kwamba hayahesabiki.

Masimulizi ya Wameru kuhusu asili yao huanzia kisiwani. Wazee husimulia kwamba jamii yao iliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, chini ya utawala wa watu wanaotajwa kama watu wa nguo nyekundu, hadi walipovuka maji na kuanza safari ndefu ya kuelekea bara, wakiongozwa na mtu anayeitwa Koomenjwe. Wapo wanahistoria wanaokihusisha kisiwa hicho na Manda, katika visiwa vya Lamu, ingawa mjadala huo haujafungwa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, simulizi hii ni dhahabu. Jamii ya mlimani imehifadhi kwa mdomo, kizazi hata kizazi, kumbukumbu ya maji makubwa. Anayeijua vizuri hataiona pwani kama nchi ya ugenini; ataona kwamba bahari ya kitabuni na mlima wa nyumbani vimewahi kukutana katika kinywa cha babu yake. Huo ndio mjadala wa visasili na historia ambao vitabu huueleza kwa nadharia, nao uko tayari kwa yeyote atakayebisha hodi.

Kwa upande wa Embu, karibu na mji wa Runyenjes kipo kichaka cha Mwenendega, ambaye katika masimulizi ya Waembu ni mtu wa mwanzo wa jamii hiyo. Simulizi hiyo ina mahali, na mahali hapo panafikika. Ni wanafunzi wangapi wa shule za jirani wamewahi kusomea kisasili hicho kivulini mwa miti yake? Kule Mbeere husimuliwa habari za Cierume, mwanamke shujaa wa vita, ambaye angefaa sana kutajwa pale mtahini anapouliza kuhusu nafasi ya mwanamke katika mighani ya Kiafrika. Huko Nchiru, katika Tigania, ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ambapo ulumbi, viapo na hukumu si istilahi tu za kitabuni. Katika mji wa Meru kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya serikali ya kikoloni. Msituni karibu na mji huo kuna Ziwa Nkunga, lenye masimulizi yake.

Haya yote ni maeneo yenye jina. Yaliyo muhimu zaidi hayana jina kubwa: kituo cha kukusanyia majani chai, ambapo wachumaji husubiri lori kwa saa nzima wakipiga soga na kutaniana, mtambo wa kahawa wakati wa msimu, palipo na nyimbo, lakabu na misimu ya lugha, kivuko cha Thuci, Rupingazi au Kathita, soko la Jumamosi lenye wachuuzi wanaonadi bidhaa kwa chapuo ambazo hakuna mwongozo uliozinukuu, miraa mikongwe ya milima ya Nyambene, iitwayo mbaine, ambayo kila mti una historia ya ukoo fulani.

Ujuzi wa wazee kuhusu mimea nao ni mpana kuliko shule inavyodhani. Mwaka 1988, watafiti Riley na Brokensha walichapisha utafiti wao kuhusu Wambeere katika juzuu mbili, na juzuu nzima ya pili ikashughulikia mimea, majina yake na matumizi yake kwa mujibu wa wenyeji. Walitoka ng'ambo wakaja kuuliza. Mwanafunzi aliyezaliwa hapo hajaulizwa wala hajafundishwa kuuliza.

Tukumbuke pia kwamba eneo hili limekwisha kuipa fasihi ya Kiswahili mwandishi wa kupigiwa mfano. Kithaka wa Mberia, mshairi na mwandishi wa tamthilia, ni mzaliwa wa Tharaka, na tamthilia yake ya Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001, iliwahi kutahiniwa shuleni. Wanafunzi walioisoma walikariri kwamba kisima ni ishara. Wengi wao walikuwa wakichota maji kisimani au mtoni kila jioni, na pengine hawakuulizwa kinachosemwa, kinachoimbwa na kinachogombewa mahali pa maji.

Kipindi cha Nje Kinavyoweza Kuwa

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno matamu yasiyotekelezeka. Natuchukue vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40, yaani dakika 80. Wiki moja kabla, wanafunzi wakiwa darasani huandaa hojaji fupi yenye maswali matano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Mwalimu amekwisha kwenda kwa mzee au ajuza, ameomba ruhusa kwa adabu inayostahiki, na wamekubaliana kuhusu kitakachosimuliwa. Siku yenyewe, dakika 15 zinatosha kufika. Dakika 30 ni za kusikiliza: kikundi kimoja kinaandika maneno, kingine kinaandika ishara na miondoko ya fanani, kingine kinaandika jinsi hadhira ilivyoshiriki, na cha nne kinaorodhesha majina ya mimea, vyombo na mahali. Dakika 15 ni za kurudi, na zilizosalia ni za kulinganisha walichokiandika.

Juma lote linalofuata, darasa lina kazi ya kutosha. Simulizi inafasiriwa kwa Kiswahili. Mahojiano yanaandikwa kama insha ya mahojiano, ambayo ni aina ya insha inayotahiniwa katika karatasi ya kwanza na ambayo wanafunzi wengi huiandika kwa kubuni msailiwa asiyekuwapo. Ziara inaandikiwa ripoti. Barua ya shukrani inapelekwa kwa mwenyeji, na kwa hilo barua hiyo inakuwa na mtu halisi wa kuipokea. Hapo ndipo mwanafunzi atakapogundua kwa nini fanani alikataa kusimulia mchana, kwa nini alicheka alipoulizwa swali fulani, na kwa nini simulizi aliyoitoa ilitofautiana na ile aliyoisikia kwa nyanya yake. Matatizo ya utafiti wa nyanjani yatakuwa matatizo yake mwenyewe, na hatahitaji kuyakariri.

Kazi ya kufasiri ndiyo kiini cha rai hii. Wapo wanaohofia kwamba mzee akisimulia kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, somo la Kiswahili litakuwa limepotea. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mwanafunzi atakaporudi darasani na neno ambalo hana Kiswahili chake, atafungua kamusi kwa haja ya kweli pengine kwa mara ya kwanza. Atagundua kwamba "kirima" na kilima, "muti" na mti, "mwere" na uwele, "ugimbi" na wimbi ni ndugu wa damu, na kwamba Kiswahili ni Kibantu kwa namna anayoweza kuisikia kwa masikio yake. Isimu linganishi ambayo chuoni hufundishwa kwa majedwali ingemfikia akiwa bado kijana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Kipindi cha aina hii hutekeleza sehemu zote mbili kwa mpigo.

Pingamizi Zenye Uzito

Zipo pingamizi ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni usalama. Mnamo Machi 2024, basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta lililokuwa limebeba wanafunzi katika safari ya kimasomo liligongana na lori huko Maungu, katika Kaunti ya Taita Taveta, na wanafunzi 11 wakapoteza maisha. Mwalimu mkuu anayesita kutia saini karatasi ya safari baada ya msiba kama huo si mwoga. Ila msiba huo unatetea masomo ya karibu kuliko unavyoyapinga. Shule zimezoea kuamini kwamba safari ya kimasomo ni ile inayokwenda Nairobi au Mombasa kwa basi, mara moja kwa mwaka, kwa wale ambao wazazi wao wameweza kulipa. Mwana wa maskini hubaki nyuma akisubiri kusimuliwa. Mwendo wa dakika 15 kwa miguu hauna nauli wala haubagui. Bado unahitaji utaratibu: taarifa kwa wazazi, daftari la mahudhurio kabla na baada, walimu wawili badala ya mmoja, na tahadhari mtoni nyakati za mvua na msituni penye ndovu. Hayo yanawezekana katika shule yoyote.

Pingamizi ya pili ni wakati na wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50 na silabasi isiyokwisha ana haki ya kuuliza atayapata wapi masaa. Jibu ni kwamba kipindi cha nje hakiongezwi juu ya silabasi, kwa kuwa kinafundisha kilicho ndani ya silabasi: fasihi simulizi, kusikiliza na kuzungumza, insha na msamiati. Mara moja kwa muhula ingetosha kuanzia.

Pingamizi ya tatu ni ya imani. Baadhi ya wazazi hawatapenda watoto wao wapelekwe kwenye mugumo au kwenye kichaka kinachohusishwa na matambiko. Hofu hiyo iheshimiwe, na mzazi apewe nafasi ya kukataa. Hata hivyo, kusikiliza simulizi si kuabudu, kama vile kusoma Utendi wa Fumo Liyongo hakumfanyi mtu kuwa Mpate. Isitoshe, wazee nao wana haki zao. Yapo mambo ya jando na ya tiba yasiyosimuliwa kwa kila mtu, na mtafiti mchanga hana budi kufundishwa kuachia pale anapoambiwa aachie. Simulizi ikichapishwa, hata kama ni katika gazeti la ukutani, jina la aliyeisimulia litajwe kwa idhini yake.

Pingamizi ya nne haitajwi hadharani, nayo pengine ndiyo nzito kupita zote. Katika Igembe na Tigania, nje ya lango la shule pana pesa. Wavulana huacha masomo kwenda kuchuma miraa, na walimu wamefanya kazi kubwa kuwarudisha. Mwalimu wa huko akiambiwa awatoe wanafunzi nje, huona kama anaambiwa alifungue zizi. Ni hoja ya haki. Ila ukuta pekee haujamzuia kijana anayeona kwamba shule haina habari na maisha yake. Akiona kwamba shule inaweza kuiuliza miraa maswali, yaani historia yake, nyimbo zake, istilahi zake, madhara yake na siasa zake, hasa baada ya kaunti za pwani kupiga marufuku muguka wa Mbeere mnamo Mei 2024 na mzozo kuzuka, huenda akaona sababu ya kubaki. Huo ni mdahalo unaomhusu yeye na jirani zake, na hauwezi kuendeshwa kwa Kiengereza wala Kimeru pekee ikiwa wa pwani nao wanapaswa kusikia.

Wajibu wa Vyama vya Kiswahili

Wakati ni huu. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, na mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Mtaala huo unasema wazi kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na umeweka nafasi ya mafunzo ya huduma kwa jamii. Maneno mazuri ya mtaala yanaweza kuishia katika picha za simu zinazopigwa ili kuthibitisha kwamba zoezi lilifanyika. Yanaweza pia kujazwa maana na walimu wanaojua wanachokitafuta.

Walimu hao wanaandaliwa vyuoni. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na wanafunzi wa ualimu wa vyuo vingine vingi hutumwa huko kwa mazoezi ya kufundisha. Vyama vya Kiswahili vya vyuo hivi huandaa makongamano, mashindano ya uigizaji na hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7, na hayo ni mema. Vingeweza pia kuchukua shule chache za jirani na kuandamana na walimu wake katika kipindi kimoja cha nje kila muhula. Wanafunzi wa chuo wangepata data ya tasnifu zao, na wale wa shule wangewaona watafiti wakifanya kazi. Simulizi zinazokusanywa zingefasiriwa, zikahaririwa na kurejeshwa shuleni zikiwa kijitabu, ili mwaka unaofuata mwalimu awe na ngano ya Mwimbi au ya Mbeere ya kufundishia kando ya ile ya kitabu cha kiada.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Mtihani wa chuo unaouliza "Jadili matatizo ya utafiti nyanjani" bila kumdai mtahiniwa data aliyoikusanya mwenyewe hauna tofauti na ule wa Kidato cha Nne. Mwalimu hawezi kuwapeleka wanafunzi wake mahali ambapo yeye mwenyewe hakupelekwa.

Wazee wanaotajwa katika makala haya hawasubiri mtaala. Kila mwaka baadhi yao huaga dunia, na majirani husema kwamba maktaba imeungua, kisha wote hurudi nyumbani. Shule ilikuwa pale karibu, ikiwa na madaftari, kalamu na vijana mia tano wanaojua kuandika. Mchumia juani hulia kivulini. Wanafunzi wa Meru na Embu wameketi kivulini kwa muda mrefu wakingoja kilichochumwa na wengine. Lango lipo, na ufunguo anao mwalimu wa Kiswahili.